Kasida ya Kiti cha Kukunja

Washairi wamesifu ngamia, wamesifu tende, wamesifu hata mabwana wasiostahili ilimradi pilau lilikuwa la kutosha. Hakuna, kwa ninavyojua, aliyekisifu kiti cha ziada cha chumba cha marubani, kile kinachokunjuliwa nyuma ya mgongo wa kapteni ili akalie rubani asiye zamu. Nimekikalia mpaka magoti yangu yakanikana, kwa hiyo naona deni hilo ni langu.

Kwa wasiokijua: huku Marekani rubani hukaa anapomudu, na kazi yake huanzia kampuni inapotaka. Mimi nakaa Ohio, ndege ninazorusha zinaanzia New York. Katikati pana safari ya angani ambayo haimo kwenye mshahara wangu. Marubani wamejiwekea desturi ya kubebana: rubani wa kampuni moja huomba kiti hicho bure kwa kampuni nyingine, na kapteni akiridhia, anapanda. Ndugu zangu wa Tanga wakisikia neno “bure” husema alhamdulillahi, mtoto wetu amefika.

Uzuri wake hauhitaji maneno mengi. Ndani ya Boeing 737 kinakunjuliwa kutoka ubavuni na kuziba njia ya mlango, kwa hiyo ukishakikalia hutoki wewe wala hatoki mwingine. Kina mikanda ya mabegani, ya kiunoni na ule unaopita kati ya mapaja, yote kwa ajili ya kitu chenye upana wa ubao wa kukatia vitunguu. Hakiegemeki. Kinafukuza usingizi. Kinamzuia mtu kunenepa. Hayo tuyaache.

Fadhila yake kuu ni kufundisha unyenyekevu, na hapo naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hakuna madrasa, seminari wala gereza lililowahi kuikaribia kazi hiyo. Mchukue mtu ambaye jana usiku alitua katika mvua ya mawe akiwa na roho mia na hamsini nyuma yake. Mvalishe sare na mistari ya dhahabu mabegani. Kisha msimamishe mbele ya binti wa getini ambaye bado hajainua macho kutoka kwenye kompyuta. Hakohoi. Hasogei. Amejifunza kutabasamu bila kuonyesha meno mengi, asije akadhaniwa ana haraka. Mkobani ana chokoleti za wahudumu wa ndege, na jina la paka wa binti huyo analijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mkewe. Waswahili walisema aliye juu mngojee chini. Huyu amekwisha shuka, yuko geti namba 14, na anaomba radhi kwa kuwepo.

Hata daraja za viumbe zimepangwa upya kwa ajili yake. Juu kabisa yupo mkaguzi wa serikali, kwa maana sheria inataka kiti hicho kiwepo kwa ajili yake. Akitoa kitambulisho cha mamlaka ya anga, FAA, sote tunapisha. Chini yake wako marubani wa kampuni yenye ndege, ambao kwingine hupangwa kwa ukongwe kazini na kwingine kwa nani kawahi. Wanafuata wa kampuni tanzu, halafu sisi wageni. Na sisi wageni, je? Hapo wanazuoni wamegawanyika. Kuna madhehebu yanayosema haki ni ya aliyefika getini kwanza, kuna yanayosema ni ya aliyejiandikisha kwanza, na kuna binti wa getini, ambaye hana madhehebu.

Nimewashuhudia makapteni wawili wenye mvi wakiligombea suala hilo asubuhi moja. Mmoja ameshika simu kuonyesha kwamba jina lake liliingia saa kumi na mbili na dakika nne. Mwenzake anajibu kwamba kujiandikisha ukiwa kitandani si kufika, na kwamba yeye ameketi pale tangu taa za geti hazijawashwa. Walibishana kwa sauti ya chini, yenye adabu, kama wazee wanaogawana shamba la minazi mbele ya kadhi. Katikati ya ubishi akatokea kijana wa kampuni yenyewe, tai imelegea, kikombe cha kahawa mkononi, akapita bila hata salamu. Mlango ukafungwa. Wazee wakatazamana, kisha wakainamia simu ileile kutafuta ndege inayofuata.

Tena kiti hiki kina kumbukumbu ndefu. Waliovuka mstari wa wagomaji wa shirika la ndege la Continental mwaka 1983 majina yao yalinakiliwa, na kwa miaka mingi wapo makapteni waliopitisha kidole kwenye orodha kabla ya kumwambia mgeni karibu. Kina visa vya kutisha pia. Tarehe 7 Aprili 1994 mfanyakazi wa FedEx aliyebebwa bila kuwa zamu aliwavamia kwa nyundo marubani watatu wa ndege ya kampuni hiyo iliyoondoka Memphis. Wakiwa wametapakaa damu wakapambana naye na wakaitua. Oktoba 2023 rubani asiye zamu alivuta vishikio vya kuzimia moto wa injini, ndege ikiwa angani kuelekea San Francisco; wenye zamu wakamzuia. Na tangu milango ya marubani ilipofungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ni lazima kompyuta ithibitishe kwamba mimi ni mimi na kwamba bado nina kazi. Mara nyingine hujibu haraka kuliko nafsi yangu.

Basi nisifu tena. Nisifu vitanda vya ghorofa vya Kew Gardens, kule Queens, ambako kiti hiki hutupeleka tukichelewa. Nyumba moja, marubani na wahudumu wa ndege chungu nzima, na kodi nafuu ni ya kitanda kisicho na mwenyewe: unakuja na shuka lako, unalala palipo wazi, godoro likiwa bado na joto la aliyetoka. Nisifu na...

Hapana. Kuna mahali mzaha huu unanikwama kooni. Rubani msaidizi wa ndege ya kampuni ya Colgan, safari namba 3407, alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, akapitia Memphis, kwa ndege za mizigo, ili afike kazini Newark. Kapteni wake alikuwa mkazi wa Florida, na usiku ule alilala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Jioni ya tarehe 12 Februari 2009 ndege yao ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Kuhusu uchovu, walisema yaelekea uliwaathiri wote wawili, ila kwa kiasi gani hawakuweza kupima.

Bunge likaagiza sheria mpya. Tangu 2014 nina haki ya saa kumi za mapumziko kabla ya zamu, na nane kati ya hizo ziwe nafasi ya kulala. Ni sheria nzuri na imeokoa wengi wetu na ratiba za kikatili. Lakini safari ya kwenda kazini si kazi machoni pa sheria. Jopo la wataalamu lilikaa kulichunguza jambo hilo, na mwaka 2011 likasema ushahidi wa kuweka kanuni za umbali hautoshi. Naamini haukutosha. Nani angeukusanya? Rubani akikiri kwamba amesimama getini tangu usiku wa manane, anajichongea mwenyewe, kwa sababu sheria inasema ni juu yake kufika akiwa mzima.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kampuni huweka kituo mahali ambapo rubani kijana hawezi kupanga hata stoo. Haimlipii nauli, haimlipii kitanda, wala haimlipii saa za kusubiri. Pengo linazibwa na kapteni wa kampuni nyingine asiyenijua, anayegeuza shingo na kusema karibu ndugu, kaa. Hisani ya marubani ndiyo ruzuku ya wenye ndege, na haionekani kwenye mahesabu yao ya mwaka.

Mimi kabla ya New York nilikuwa na kituo cha kufika kwa gari. Waliokifunga walituandikia barua yenye rangi nzuri, wakatushukuru kwa moyo wetu wa kukubali mabadiliko, wakasema mbele kuna fursa. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, ulikumbusha kwamba kufika kazini kwa wakati ni jukumu la mfanyakazi mwenyewe. Aliyeitia saini anakaa mtaa wa pili kutoka ofisini kwake, na getini sijapata kumwona.