Dau la Benki Kuu

Kama una mke, una mama mkwe, na nyumbani kwako simu ni nyingi kuliko sahani, kaa hapa karibu yangu tupeane pole.

Sisi tunaishi Masha, kando ya barabara inayotoka Mbarara kwenda Isingiro na Kikagati. Wakwe zangu wako kambini Nakivale. Vitambaa na nyuzi nanunua Mbarara mjini. Cherehani nimeiweka hapa katikati, barazani, kwa hesabu kwamba wakwe watakuwa mbali kidogo na wanaonidai mjini nao watakuwa mbali kidogo. Hesabu hiyo niliipiga kabla ya WhatsApp.

Nakivale ni kambi ya siku nyingi, inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ina desturi zake zilizokomaa. Familia ikimaliza prosesi ya kuhamishiwa nchi nyingine na kupewa tarehe ya ndege, inauza kila kitu: godoro, sufuria, redio, kuku na banda lao. Zamani habari ilipita kwa mdomo, wakafaidi majirani wa karibu. Siku hizi kuna kundi la simu na dalali wake. Asubuhi anaweka picha na bei ya kuanzia, mchana kutwa watu wanaandika madau, na saa mbili kamili usiku dalali anabandika alama ya kufuli. Mwenye dau kubwa kabla ya kufuli ndiye mwenye mali.

Basi Jumamosi moja nikiwa na pini mdomoni, mke wangu akaniwekea simu mbele ya macho. Huyu mimi namwita Mheshimiwa Spika, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayechangia hoja kabla hajapewa nafasi. "Baba Neema, umeliona?" Nikajibu "mm", maana mwenye pini mdomoni hana jibu lingine. Kwa kanuni za bunge letu, "mm" ni ndiyo.

Lilikuwa kochi la watu watatu, rangi ya maziwa, mgongoni bado limevaa nailoni ya dukani. Ukiikuza picha unaona mkono wa kulia una duara la kahawia la kikombe cha chai, na chini yake kidonda kidogo cheusi kilichoachwa na dawa ya mbu ya kuchoma. Bei ya kuanzia 100,000. Spika akatangaza kikomo: 250,000, bila shilingi ya ziada, nayo ni pesa ya magauni ya harusi niliyokuwa nimelipwa juzi tu na ambayo sikumbuki kumwambia mtu.

Akaingia kaka yake mdogo. Anasoma uchumi Mbarara, na kila wikendi elimu inamtia njaa, anakuja kwetu. Jina lake ni Profesa. Alipousikia mnada aliweka kijiko chini, jambo ambalo si la kawaida.

"Shemeji, kuna mzee mmoja, William Vickrey, mzaliwa wa Kanada. Mwaka 1961 aliandika kuhusu mnada wa namna hii: kila mtu anaandika kwa siri thamani halisi ya kitu moyoni mwake. Wa juu kabisa anachukua, lakini analipa bei ya yule aliyemfuata. Kwa hiyo hakuna haja ya ujanja. Ukisema ukweli, hupunjiki."

"Alifaidi nini?" Spika akauliza.

"Alipewa Tuzo ya Nobel, 1996. Akafariki siku tatu baada ya kutangazwa."

"Na pesa ikachukuliwa na nani?"

Profesa akarudi kwenye sombe.

Baadaye alikiri kwamba dalali wetu hamjui Vickrey: kwetu ukiandika 250,000 unalipa 250,000. Hapo, akasema, la kufanya ni kunyamaza hadi mwisho. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Roth na Ockenfels, walichapisha ulinganisho wa minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon. Kwenye eBay saa ikifika mnada umekwisha. Kwenye Amazon dau likija dakika za mwisho, muda ulikuwa unasogezwa hadi zipite dakika kumi za kimya. Wa eBay wakawa wanarundikana dakika za mwisho, na wazoefu ndio waliozidi. Sababu ina akili: ukiweka dau asubuhi unawafundisha wengine kwamba kitu ni kizuri, halafu unamwamsha yule mtu ambaye akiguswa kidogo anaongeza kwa hasira. Kufuli la dalali wetu ni la eBay. Tukakubaliana kunyamaza.

Spika alinyamaza mpaka saa nane mchana. Kisha akaandika kwenye kundi, kwa upole wa mlokole: "Samahani wapendwa, hilo kochi lilishapuliziwa dawa ya kunguni?"

Mimi sijawahi kusikia mbinu hiyo ikitajwa na Profesa, ila ilifanya kazi. Mwenye kochi alijibu kwa maandishi marefu kwamba nyumba yao ni ya watu wa Mungu na haijawahi kuona kunguni. Kadiri alivyokana ndivyo watu walivyozidi kujikuna. Madau yakasimama 150,000 hadi jua likazama.

Mtandao wetu unapatikana vizuri chini ya parachichi la jirani. Saa moja na nusu usiku tulikuwa huko wote: mimi na simu, Spika na tochi, Profesa na nadharia, binti yetu Neema, ambaye jina lake la kazi ni Bando kwa vile ndiye anayeyamaliza, na kitinda mimba wetu Inspekta, anayehoji kila kitu kinachopumua. Kelele ilikuwa kubwa hata jirani akatoka. Profesa akatukumbusha kwamba mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi 1956 na kuhamia pwani 1969, siku hizi wanabofya kompyuta tu, na chai ya Bushenyi inauzwa hukohuko bila mtu kupiga kelele. Spika akasema hao hawana waume wa kuwasukuma.

Nikaandika 201,500. Hii mbinu ni yangu mwenyewe: watu wengi hukomea kwenye namba ya mviringo, kwa hiyo ukiivuka kidogo unawakuta wamechoka. Papo hapo akatokea mtu asiye na jina, ana picha ya ua jekundu tu. Akaandika 230,000.

Ule mruko ni wa kutisha watu, na ni wa kale. Mwaka 193 walinzi wa mfalme wa Roma walimuua Pertinax kisha wakaunadi ufalme wenyewe. Baba mkwe wa marehemu, Sulpicianus, alikuwa ndani ya kambi ya askari akiweka dau. Didius Julianus alikuwa nje ya ukuta, anapaaza sauti. Mkwe alipofikia sesterti 20,000 kwa kila askari, Julianus aliruka 5,000 nzima kwa mpigo mmoja akauchukua ufalme. Alitawala siku 66, akauawa. Niliwahi kumsimulia Spika kisa hiki kuonyesha kwamba wakwe na minada havikai pamoja. Alichosikia yeye ni kwamba mkwe alikuwa mtu wa kupigania mali ya familia.

Nikaweka 231,500. Ua Jekundu: 250,000.

"Ongeza," Spika akasema.

"Si ulisema kikomo ni..."

"Nani alisema?"

261,500. Ua Jekundu 280,000. Nikapanda, akapanda. Inspekta akauliza kama ua lina mikono. Nilipofika 331,500 tochi ilikuwa inatetemeka. Ua Jekundu akaandika 340,000, na kabla kidole changu hakijagusa namba, kufuli.

Tukarudi ndani kimya. Hatujakaa, simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, ambaye mimi namwita Benki Kuu, si mbele yake, kwa sababu pesa yake inalala kwenye pindo la kitenge na riba anaipanga yeye.

"Mkwe wangu, hamjambo huko? Mshukuruni Mungu. Nimewanunulia kochi! Nilitaka liwafikie ghafla, mshangae. Lakini pale palikuwa na mjinga mmoja, mwanangu, alinisumbua! Anaongeza elfu moja na mia tano kama anayenunua chumvi."

Nikamwambia watu wa namna hiyo wapo.

"Sasa nimetoa zangu elfu tisini. Zimebaki mia mbili hamsini. Nikasema, kwa Baba Neema hizo hazishindikani."

Spika alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Si ndiyo bei tuliyopanga?"

Profesa akasema vitabu vina jina la hali hii: laana ya mshindi. Wahandisi wa mafuta waliiandika 1971, walipoona kwamba kampuni inayoshinda mnada wa eneo la kuchimba mara nyingi ndiyo iliyokisia thamani kupita kiasi. Nikamuuliza vitabu vinamwitaje aliyeshindwa halafu akalipa. Akaomba chai.

Kochi lilikuja na pikapu. Mlango ulikuwa mwembamba, fundi akang'oa fremu, kochi likaingia, fremu ikarudishwa imepinda. Watoto wakapigwa marufuku kulikalia. Mimi pia.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Lakini ndege, ndugu yangu, si basi la Mbarara. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa wameshauza hadi vijiko. Wenye kochi hawakuwa wa huko, walikuwa na safari ya nchi nyingine yenye baridi, ila ujumbe uliowafikia ulikuwa wa ukoo huo: safari imesogezwa, subirini simu. Masanduku yamefungwa, makoti mazito yamenunuliwa, nyumba tupu.

Jumapili iliyofuata baba wa ile familia akaja kutusalimia. Mzee wa watu, mpole. Alikwenda moja kwa moja mkono wa kulia, akaketi, na kochi likampokea. Kulikuwa na bonde pale ambalo sisi tulidhani ni ubovu, kumbe ni umbo lake. Akaweka kikombe cha chai juu ya lile duara la kahawia bila kuangalia. Tangu hapo nyumbani tunamwita Mwenyekiti.

Alikuja tena na mama, wakaja na watoto. Alituonyesha dawa ya mbu ilianguka usiku gani, nani alikuwa na malaria. Sisi wenye nyumba tulikuwa kwenye mkeka. Mpaka Inspekta akamuuliza, "Babu, kwani ndege yenu imelala wapi?" Mama wa watu akaangalia sakafu.

Usiku Spika hakulala. Asubuhi alitoa hukumu: kochi linarudi kwa mwenyewe. Mwenyekiti, ambaye pesa zake zilikwisha kwenye makoti, alikuwa na 120,000 tu. Nikajaribu kukumbusha 340,000. Spika akaniuliza kama nataka kumnadi mzee wa watu kwenye kundi.

Benki Kuu akapiga simu kabla pikapu halijaondoka. Alisema moyo wake umefurahi kwa wema wetu, na kwamba elfu tisini zake zitangulie, maana yeye ndiye mwenye hisa ya kwanza. Fundi akang'oa fremu tena, akachukua elfu ishirini. Elfu kumi iliyobaki Bando alikuwa ameshaiona. Nilipomaliza hesabu, Profesa alikuwa amesimama mlangoni pasipo na mlango, begi begani, anasubiri nauli ya Mbarara.