Jinsi ya Kununua Betri Tatu kwa Sababu ya Altaneta Moja

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la zamani aliye Machakos au viungani mwake, anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi likiwa limekwisha kuzama, na ambaye asubuhi moja amezungusha ufunguo akajibiwa kwa mlio mmoja mkavu, tak, kisha kimya. Mwenye gari jipya na asisome. Matatizo yake yatashughulikiwa na kompyuta na mkopo wa benki. Hapa tunazungumza na watu wa Toyota 110, wa Nissan B14, na wale wazee wachache wanaoapa mpaka leo kwa jina la Peugeot 504. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka minane, na 110 za Japani zilikoma kuundwa mwaka 2000. Kwa hiyo yako, hata kama ilikuja na meli ya mwisho, imekula mashimo ya barabara zetu kwa zaidi ya miaka 15. Inastahili heshima, na heshima hiyo tutaionyesha kwa kuitendea kila kosa linalowezekana, kwa mpangilio.

Sharti kuu ni moja: usipime chochote. Ukishapima utajua, na ukishajua utakosa sababu ya kufanya yote yanayofuata.

Anza na taa. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya kisanduku, alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Ikiwaka gari likiwa linatembea, maana yake altaneta imeacha kazi na sasa unaendesha kwa akiba iliyomo kwenye betri. Wewe ichukulie kuwa pambo. Si imewaka tangu Jumatatu na gari bado linakwenda? Basi taa ndiyo yenye kasoro. Ikikukera usiku, ibandike utepe mweusi.

Waliobobea hawabandiki utepe, wanaing'oa balbu yenyewe. Hapo nawavulia kofia. Altaneta haina sumaku ya kuzaliwa nayo. Ndani yake kuna koili inayogeuka sumaku pale tu inapopewa umeme kidogo wa kuiamsha, na katika magari mengi ya zamani umeme huo hupitia kwenye balbu hiyo hiyo. Ukiing'oa, unaweza kuwa umeiua altaneta nzima kwa kosa la kukupigia kelele. Ndiyo maana ukifungua switchi bila kuwasha injini, taa ile lazima iwake. Isipowaka, wa kwanza kushukiwa ni balbu ya bei ya soda. Lakini hilo ni jambo la kupima, nasi tumekubaliana.

Baada ya siku chache utafika kwenye ule mlio wa tak. Sasa kusanya ushahidi. Bawabu atasema, “Betri imekufa,” hata kabla hujafungua boneti. Mwenye kibanda cha chai atasema betri. Bodaboda atakayepunguza mwendo kukuhurumia atasema betri, kisha ataongeza mwendo. Mashahidi watatu wanatosha hata mahakamani. Nenda dukani.

“Mwalimu, chukua hii NS60. Ina waranti.”

“Itamaliza shida?”

“Hii ni betri mpya, mwalimu. Shida itatoka wapi?”

Swali hilo ni zuri sana na hutalijibu. Utalipa, utafungiwa, gari litawaka kwa nusu zungusho, na utaondoka ukipiga honi. Hiyo ndiyo hatua tamu kuliko zote katika mwongozo huu. Ifurahie, maana ina hesabu yake. NS60 hubeba ampea 45 kwa saa moja. Taa kubwa mbili peke yake zinameza kama ampea tisa au kumi. Ongeza pampu ya mafuta, moto wa plagi, feni na waipa, na tayari umevuka 20. Kwa karatasi una saa mbili na kidogo. Kwa kweli huna hizo, kwa sababu gari huanza kugugumia betri ikiwa bado haijakauka. Toka Nairobi hadi Machakos ni kilomita sitini na kitu. Betri mpya itakufikisha nyumbani usiku wa kwanza, na hivyo kuthibitisha kwamba bawabu alikuwa sahihi.

Usiku wa pili ndio wa kujifunza. Mahali pazuri pa somo hili ni Barabara ya Mombasa, mvua ya Novemba ikinyesha, ukiwa umetoka kwenye msongamano wa Mlolongo. Redio itanyamaza kwanza. Utadhani ni redio. Ukipita Athi River, waipa zitaanza kutambaa na indiketa itapiga kana kwamba inawaza. Ukikaribia kukata kushoto pale Kyumbi, taa zako za mbele zitakuwa na mwanga wa rangi ya strungi. Madereva hodari hapo huzima taa ili kuokoa betri, wakimwachia dereva wa lori lililo nyuma kazi ya kukisia. Nikiweka kejeli kando kwa sentensi moja: toka barabarani, washa hazadi zilizobaki na uhai, weka pembetatu nyuma ya gari, piga simu.

Asubuhi utasukumwa. Hapa Machakos ina sifa ambayo miji mingine haina. Kilomita chache kutoka mjini kuna Kyamwilu, mahali ambapo watu husafiri kutoka mbali kuja kutazama gari lililowekwa gia huru likipanda mlima lenyewe, na vijana wa pale watakumwagia maji barabarani uyaone yakikwea. Wanaochunguza mambo kama hayo husema ni mandhari inayodanganya macho, kwamba unachokiona kuwa mwinuko ni mteremko. Bado wazo ni la kuvutia: mwenye gari lisilowaka kuishi mahali ambapo gari hujisukuma. Nalipendekeza kwa serikali ya kaunti. Ila kuna vizingiti viwili. Kama gari lako ni otomatiki, hata lisukumwe na kijiji kizima halitawaka, kwa sababu pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala, magurudumu hayana namna ya kuishika. Na hata lenye klachi, betri ikiwa imekauka kabisa, koili ya altaneta haina umeme wa kuiamsha na plagi hazina moto. Mtasukuma mpaka Mutituni.

Wazee wa 504 watakuambia zamani hakukuwa na haya, na kwa kiasi wana haki. Magari ya enzi za dainamo yaliweza kujiamsha yenyewe kwa masalio ya sumaku, na mengi yalibeba hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Starta ya umeme ya Charles Kettering iliingia kwenye Cadillac ya 1912, na altaneta ikaanza kuenea baada ya Chrysler kuiweka kwenye Valiant ya 1960. Tangu hapo tunaendesha kwa raha na kukwama kwa kisasa. Nasi kukwama kunatuuma zaidi: reli ilitupita, makao makuu ya Waingereza yakahamishiwa Nairobi mwaka 1899, na mpaka leo anayetaka kutoka Machakos hutoka kwa magurudumu ya mpira.

Sasa mwite fundi. Usimwite yule mwenye mita. Mwite yule mwenye spana moja ya namba kumi na uhakika mwingi. Ataliwasha gari kwa jampa, atalisikiliza kidogo akiwa amefumba jicho moja, kisha ataanza ule mtihani maarufu wa jua kali: injini ikizunguka, ataregeza kichwa cha hasi na kukichomoa kwenye betri. “Likizima, altaneta ni mbovu, bosi. Lisipozima, iko sawa.” Cheche ndogo ya buluu itaruka, gari litaendelea kunguruma, na nyote mtatabasamu.

Tabasamu hilo ni ghali. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka mpaka makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua, zikachoma dayodi, regyuleta, na kwenye gari lenye injini ya kielektroniki, ile kompyuta ndogo ambayo bei yake itakukalisha chini. Kwa hiyo mtihani huu hujibu swali kwa usahihi wa ajabu: kama altaneta ilikuwa nzima, sasa si nzima. Fundi akiung'ang'ania, mwombe kwa adabu aanze na gari lake.

Ukishapata altaneta iliyoungua kihalali, safari inayofuata ni Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kule tunakokuita Grogan mpaka leo. Nenda bila ile ya zamani mkononi. Mweleze muuzaji kwa maneno tu, “Ya 110,” bila kutaja injini, kwa sababu 110 zilikuja na injini za aina kadhaa na hutaki kumchosha. Atakuletea ex-Japan iliyofutwa vumbi kwa petroli, inang'aa. Utafika nayo Machakos ugundue kwamba puli ina mifereji tofauti na soketi ya waya ina miguu mitatu mahali ambapo yako ina miwili. Kuhusu kurudisha, soma karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya muuzaji.

Wakati huo, ile yako ya zamani huenda haikuhitaji zaidi ya kaboni. Hivi ni vijiti viwili vidogo vinavyobanwa na springi, vikisugua shaba inayozunguka. Vikifika miaka 20 vimebaki vifupi kama kucha, springi haifiki, koili haipati umeme. Fundi wa waya anayejua kazi huifungua altaneta mezani, hubadilisha kaboni na, ikibidi, regyuleta na beringi, na unarudi nyumbani jioni na altaneta ile ile. Gharama yake huwa ndogo mno ikilinganishwa na betri hata moja. Watu wa aina hiyo wapo Machakos. Utawatambua kwa jambo moja: wanauliza maswali kabla ya kushika spana. Mmoja wao anaweza kufungua switchi, injini ikiwa imezimwa, na kugusisha ncha ya bisibisi kwenye puli ya altaneta. Ikivutwa, koili imeamka na sumaku ipo. Isipovutwa, umeme wa kuiamsha haufiki au kaboni zimekwisha. Sekunde kumi, bila cheche.

Nisiusahau mkanda. Ukilia asubuhi, upake sabuni ya kipande. Kelele itaisha, na mkanda utaanza kuteleza kimyakimya, jambo ambalo majirani watalipenda. Waoga huukandamiza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, injini ikiwa imezimwa. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja hivi umelegea. Ukiwa unang'aa upande wa ndani umekwisha.

Kwa kuwa nimewataja waoga, ni haki niwaeleze jinsi wanavyoishi. Mwoga ana mita ya kawaida ya rangi ya njano, ile ya maduka ya vifaa vya umeme ambayo bei yake mara nyingi haifiki shilingi elfu moja. Kabla ya lolote anasafisha vichwa vya betri, ule unga mweupe wenye ukijani, kwa maji ya moto yenye magadi na brashi ya waya. Halafu anaweka mita kwenye volti za DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, gari likiwa limelala usiku kucha. Akisoma 12.6 betri imejaa. Akisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ni tupu, na tupu si sawa na mbovu: anaipeleka ikachajiwe kwanza.

Kisha anawasha injini na kusoma tena pale pale. Kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inafanya kazi. Anawasha taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja; ikibaki juu ya 13.5 anakwenda kunywa chai. Ikibaki 12 na inashuka, altaneta hailishi, na hakuna betri duniani itakayorekebisha hilo. Ikipanda juu ya 15, regyuleta imekufa na maji ya betri yanachemka. Mwisho anaweka waya mmoja wa mita kwenye bodi ya altaneta na mwingine kwenye hasi ya betri, injini ikizunguka na taa zikiwaka. Ikisoma zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, kuna mahali waya wa hasi umeshika kutu, na kosa zima ni nati moja na msasa.

Na kama kila kitu kinasoma sawa mchana lakini asubuhi gari halina nguvu, mwoga huwaza juu ya yule kijana aliyemfungia redio na alamu. Waya ulioungwa moja kwa moja kwenye betri hunyonya usiku kucha. Anafungua kichwa cha hasi, gari likiwa limezimwa, anapitisha umeme ndani ya mita iliyowekwa kwenye ampea, anasubiri dakika kadhaa. Zaidi ya miliampea 50, anaanza kutoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi.

Namba hizo ziandike kwenye karatasi umpe fundi kabla hajafungua mdomo. Ama ukipenda, endelea na mwongozo. Ukiufuata vizuri, mwisho wa mwezi utakuwa na betri tatu, na mbili kati yake huenda hazina kosa ila kukosa chaji. Zichajiwe wiki hiyo hiyo, kwa kuwa betri ikikaa tupu kwa muda mrefu hufa kweli. Ile iliyokufa usiitupe shimoni. Ina risasi na asidi, na maduka mengi ya betri huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.