Tafuta Jirani Kabla ya Kamera

Watani wetu Wachaga hutusema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tusikasirike. Wasikilize vijana wa Lembeni wanaotaka kuanza kazi ya picha za harusi wakibishana kuhusu kamera ya kwanza, utaona watani hawajakosea sana. Ng'ombe yupo: ni akiba yote ya mwaka. Kuku naye yupo: Canon EOS 2000D ina megapikseli 24.1, Nikon D3500 ina 24.2, na kwa hiyo sehemu moja ya kumi watu wazima wananuniana. Wala kuku mwenyewe hana nyama. Picha ya inchi 5 kwa 7, ile mteja anayosafishiwa akaitundika sebuleni, inatosheka na megapikseli tatu na kidogo; nyingine ishirini na moja ni za kujazia memori kadi. Ikitumwa kwa WhatsApp ndiyo inakondeshwa zaidi. Hoja yangu basi ni moja: kwa anayeanza, kamera bora ni ya kampuni ileile anayotumia mpiga picha wa jirani, hata kama jirani huyo alichagua kwa kufumba macho.

Ushahidi ni mikosi yenyewe ya kazi hii, ambayo karibu yote haimo kwenye sifa zilizoandikwa juu ya boksi. Umeme unakatika Ijumaa usiku, betri ina mstari mmoja, na Jumamosi keki itakatwa mara moja tu. Betri ya 2000D haiingii kwenye D3500, na chaja zake hazijuani. Mwenye Canon aliyezungukwa na wenye Nikon anaweza kuazimwa chaja tano kwa moyo mmoja na zote zisimfae. Lenzi nazo zina ugomvi wao: ya Canon hukazwa kwa kuizungusha kufuata mwendo wa saa, ya Nikon kinyume chake. Kampuni hizi hazikukubaliana hata upande wa kukazia, na anayelazimisha atavunja lenzi na urafiki kwa mpigo mmoja.

Tena lenzi ndiyo inayoamua sherehe za usiku. Ile ya 18–55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halizidi f/5.6. Katika ukumbi wa taa mbili na disko, mama wa bibi harusi akicheza kidogo tu anatoka kwenye picha kama moshi wenye kilemba. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo, na haina bei ya kutisha. Lakini D3500 haina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Ukinunua ile 50 ya zamani yenye herufi D itaingia vizuri kabisa, kisha utafokasi kwa mkono huku wapambe wakipita bila kukungoja. Inatakiwa yenye AF-S. Muuzaji mwenye haraka hakuambii hilo; jirani mwenye Nikon atakuambia kabla hujatoa hela, tena kwa kicheko cha mtu aliyewahi kuumia.

Utaniambia kwamba betri ya D3500, kwa vipimo vya kiwanda, hupiga picha 1,550 na ya 2000D 500 tu. Ni kweli, na kama huna jirani yeyote, kwa hilo nitakuwa upande wa Nikon. Lakini betri haifuti vumbi. Lembeni iko upande mkavu wa Milima ya Upare, na kamera zote mbili hazina kifaa cha kujisafisha sensa. Chembe moja ikitua humo, ukibana tundu hadi f/16 mchana wa jua, inatokea kama kidoa cha kijivu mahali palepale kwenye kila picha, leo juu ya Kilimanjaro, kesho kwenye shavu la bwana harusi. Wengi hupuliza kwa mdomo, na vumbi linapata mate ya kushikia. Kipulizio cha mpira kipo kwa jirani, na fundi wa kweli yuko mbali.

Utasema pia kwamba jirani ni mshindani. Sawa, lakini Desemba ndugu wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Jumamosi moja ina harusi Usangi, kipaimara Kisangara na sendoff Same. Mshindani hawezi kuwa kote, na atamwita kwanza yule ambaye betri na lenzi zao zinaingiliana. Na ukidai kwamba kampuni zenyewe zimehamia kamera zisizo na kioo ndani, umenisaidia: utakayoipata kwa bei yako huenda ikawa ya mtumba, na mtumba unahitaji mtu anayejua pa kuugonga.

Kwa hiyo, kabla hujatuma pesa Kariakoo, tembea barabarani uulize nani anapiga picha na anatumia nini. Nunua hiyohiyo. Chenji ikibaki, chukua betri ya pili, na uichaji Alhamisi.