Daktari wa Mkoa na Kimeo cha Mjukuu

Mwenzangu mwenye mtoto wa chekechea, wewe utanielewa. Mtoto wa umri ule anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kwetu kila mafua yanapita kwa kila mtu kama daftari la mchango wa harusi. Anaanza Mzee Chafya, kitinda mimba wetu, anafuata mama yake, nafuata mimi, halafu shemeji yangu anayelala sebuleni.

Huyo shemeji tunamwita Rangi Mbili. Akipenga kamasi mara moja tu, mbio duka la dawa kununua amoksilini. Anameza siku mbili, zinazobaki anazificha kwenye droo ya televisheni. Nimemweleza mpaka koo limenikauka: mafua yanaletwa na virusi, viko vya aina zaidi ya 200, na antibayotiki haiui kirusi hata kimoja. Hata kamasi likigeuka kijani, hiyo pekee si dalili ya bakteria. Ananijibu, “Sawa, shemeji,” na kesho droo imenenepa.

Sasa mwezi uliopita mama mkwe, Daktari wa Mkoa, alikuwa kwetu. Nampenda sana mama huyu, ila hakuna ugonjwa asioujua. Mzee Chafya akaamka na homa kali, koo linamuuma, hata uji hataki. Cha ajabu, hakuwa na kamasi wala kikohozi.

“Mkwe wangu, huyu ana kimeo. Kuna mzee namjua, anakikata mara moja tu.”

Jamani! Kimeo ni kile kinyama kinachoning’inia nyuma ya kinywa. Koo likiugua nacho huvimba, lakini si chenyewe kilicholeta ugonjwa. Na wembe ule wa mtaani umewavujisha watoto damu hadi kufa, wengine umewaachia pepopunda. Nilikataa katakata. Mama mkwe akanuna, Rangi Mbili akafungua droo, mke wangu akamfunika mtoto kanga na kutoa amri: twende kituo cha afya, na bibi aje.

Tabibu akauliza kwanza kama mtoto anakohoa. Akawasha tochi, akabonyeza ulimi kwa kijiti cha mbao, akamwita bibi achungulie. Mafindofindo yalikuwa mekundu, yamevimba, yana madoa meupe ya usaha. Akapapasa tezi chini ya taya, mtoto akaruka. Homa, usaha, tezi zinazouma, na kikohozi hakuna: hapo, akasema, tunamshuku bakteria aitwaye streptokoka.

“Akiachwa, mama, usaha unaweza kujikusanya pembeni ya findo. Na lipo baya zaidi. Koo linapona, halafu baada ya wiki 2 hadi 4 kinga ya mwili inageukia viungo na moyo.”

Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikiharibu vali za moyo, ndipo watu wanafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili kufanyiwa upasuaji, na chanzo kilikuwa koo la utotoni. Bibi alishika kifua.

Tukapewa nini? Amoksilini, siku 10. Rangi Mbili alishangilia utadhani Taifa Stars imefunga, ikabidi nianze somo upya: dawa ile ile isiyofaa kitu kwa mafua yake ndiyo inayomlinda mtoto huyu na maradhi ya moyo, ila lazima aimalize.

Na kuimaliza kwenyewe ni kazi, maana baada ya siku chache tu Mzee Chafya alikuwa anakimbiza kuku uani na mama yake anauliza kama kweli bado inahitajika. Bibi hakutaka mjadala. Chupa ya dawa ililala chini ya mto wake, saa ikifika anaita jina la mjukuu mtaa mzima usikie, na Rangi Mbili akipiga chafya anaulizwa kabla hajakaa: “Una kikohozi? Una kamasi? Basi kunywa chai, na hiyo droo nipe ufunguo.”