Jimbo Letu Lihamie Dodoma

Kata ya Nyakato,
Musoma, Mara.

Kwa Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA JIMBO LETU DODOMA

Mheshimiwa Spika, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga kura. Naishi Nyakato, hapa Musoma mjini, lakini jina langu liko kwenye daftari la kijijini kwetu, katika mojawapo ya majimbo ya vijijini ya mkoa huu. Jimbo silitaji. Nikilitaja, majirani wataona wamenyimwa haki, kwani kila mmoja ataapa kwamba mbunge ninayemsema ni wa kwao.

Mheshimiwa Spika, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Mwaka 2016 Serikali ikafunga virago kweli, wizara zikafuata, na Mheshimiwa wetu naye akafuata. Kilichosahaulika nyuma ni jimbo. Tunaomba nalo lihame. Tuko tayari kwa safari: tutabeba mbuzi, masufuria, mizani ya dagaa na madawati yale machache. Ziwa tutaliacha, kwa kuwa halikujiandikisha kupiga kura.

Sababu ya kwanza ni huruma. Kutoka Dodoma mtu apite Singida, Shinyanga na Mwanza. Kutoka Mwanza aje Magu, Lamadi, Bunda, zaidi ya kilomita 200 nyingine hadi Musoma. Hapo bado hajaacha lami. Akiiacha, kijiji chetu kinamsubiri mwisho wa vumbi. Si haki kumtesa mtu mzima hivyo kwa ajili ya watu aliokwisha kuwaomba kura.

Mara ya mwisho alipotutembelea, watoto walitolewa madarasani saa 3 asubuhi wakapangwa barabarani waimbe. Gari likafika saa 9 alasiri. Dereva hakuzima injini. Mheshimiwa alishuka, akacheza ngoma hatua chache, akakabidhi mipira miwili na jezi, akaahidi mifuko 50 ya saruji ya kumalizia zahanati, kisha akasema ana kikao. Boma la zahanati limeishia kwenye lenta, na mbuzi hushinda humo wakikwepa jua. Jezi zilifika zote, kila moja ina jina lake mgongoni. Tangu siku hiyo timu yetu ina wachezaji 11 wenye jina moja, na refa akitoa kadi hajui aandike nani.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, anapoteza kiti. Nimeipekua Katiba nikitafuta adhabu ya kukosa mikutano mitatu ya kijiji. Haimo. Mheshimiwa wetu, kwa hiyo, ni raia mtiifu: anakwenda anakohesabiwa. Na huko anakohesabiwa ndiko kwenye posho. Mwaka 2011 nchi ilipopiga kelele kusikia posho ya kikao inapanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, Spika Anne Makinda alitueleza kwamba maisha ya Dodoma yamepanda. Tulimwelewa. Huku nako yamepanda, ila hatuna Spika wa kuyatolea maelezo. Mkituhamishia huko, ugumu wetu wa maisha utaanza kutambulika rasmi.

Sababu ya tatu, Mheshimiwa Spika, ni sisi wenyewe. Katika ofisi ya mbunge yuko katibu wake, na mezani kuna kaunta buku. Nililifunua nikingoja zamu. Ukurasa mzima: ada ya mtoto, mchango wa harusi, jeneza, nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, betri ya pikipiki, jeneza. Hakuna aliyeandika, "Naomba Mheshimiwa aulize swali la nyongeza kuhusu bei ya pamba." Mwaka 2000 takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliruhusiwa na sheria, mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, na nawaambia kweli, mwenye huzuni kubwa siku ile hakuwa mgombea. Tumemfanya mtunga sheria kuwa mfadhili wa misiba, halafu tunashangaa akizima simu.

Utasema labda mkoa wetu haukufundishwa kazi ya mbunge. Mheshimiwa Spika, tumefundishwa mpaka basi. Mwaka 1957 Julius Nyerere wa Butiama aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hakumaliza mwaka. Alipoona mapendekezo yake yanatupwa, Desemba aliachia kiti, akieleza kwamba kuendelea kukaa akipokea posho na kuhudhuria tafrija kungekuwa ni kuwadanganya watu na chama chake. Tangu afariki tumekuwa tukimwenzi kwa sherehe kila Oktoba, na hakuna mbunge aliyepata usumbufu wowote kutokana na mfano ule.

Hata kuangusha wakubwa tulifundishwa. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wapiga kura walipewa wagombea wawili tu, mmoja na alama ya jembe, mwingine nyumba. Hata kwa uchaguzi mwembamba namna hiyo, majirani zetu wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima. Bunda nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1995 Stephen Wasira, kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani. Kesi ikaenda mahakamani na ushindi ukatenguliwa. Wasira akarudi CCM, akarudi bungeni, na mwaka 2015 akaangushwa na Ester Bulaya wa Chadema. Mtu aliyeingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970! Msimwonee huruma: Januari 2025 alichaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Ubunge una kikomo, siasa haina kustaafu.

Na huyo Warioba ndiye aliyekuja kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Rasimu ya tume yake ilitaka ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wananchi wapewe uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kuisha. Mwaka 2014 rasimu ikapelekwa kwenye Bunge Maalumu, lililokuwa na wabunge wote ndani yake, wakaombwa waamue kama wabunge wawe na ukomo. Vipengele hivyo viwili vikafutwa. Sielewi kwa nini watu walishangaa. Fisi hakabidhiwi bucha kisha akaulizwa habari za mizani.

Mheshimiwa Spika, kama kuhamisha jimbo kutaleta gharama, tunalo ombi mbadala. Tuleteeni huku daftari la mahudhurio. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Mheshimiwa apangiwe vijiji, afike, asaini, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, na posho yake ilipwe kwa saini hizo. Akikosa mitatu mfululizo bila ruhusa ya mkutano, ibara ya 71 imshukie kama inavyowashukia watoro wa Dodoma. Na sisi tutatimiza upande wetu: kaunta buku litafungwa, majeneza tutachangishana wenyewe, na kila atakayesimama mkutanoni atauliza habari ya sheria, bajeti au barabara.

Hofu yangu ni moja tu. Daftari likianza kufanya kazi, barabara ya kijijini kwetu itawekwa lami kabla ya masika, na vijana wanaokula kwa kunasua magari kwenye matope watakosa ajira. Naomba Bunge liwafikirie.

Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja yangu mwenyewe kwa asilimia mia moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga kura, Nyakato.

Nakala: Mheshimiwa Mbunge wa jimbo letu. Mpatieni hukohuko, anwani yake ya huku ni mbuzi wa zahanati.