Mchanga Wangu Haukuwa na Kitu

Mchanga wangu umeoshwa kwenye karai mbele ya kadamnasi, ukakutwa hauna kitu. Wala sikutegemea uwe na kitu. Ni mchanga wa kujengea, nimeuchota Shinyanga kwenye rundo la jirani anayepandisha ukuta, kwa ruhusa yake, nikaujaza nusu ya kiroba cha unga na kukifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu. Lakini ipo aibu ambayo huijui mpaka uone umati mzima umekata tamaa kwa niaba yako.

Yalinikuta kwenye kizuizi kimoja, nikitoka Kahama kuelekea Bukoli kwa njia ya Kakola. Ukanda huu wa Geita una utaratibu wake. Bodaboda atapita na kabati la nguo mgongoni mwa abiria, atapita na mbuzi wawili na mwenye mbuzi, hakuna atakayenyanyua shingo. Pita na kiroba cha mchanga uone. Huku mchanga ni mtuhumiwa mpaka uoshwe.

"Habari za safari, kaka."

"Nzuri, afande. Za kazi?"

"Salama. Humo mna nini?"

"Mchanga."

Nimeshalifikiria sana jibu lile na sioni jingine. Ningesema mahindi, angefungua. Afande alikibonyeza kiroba kwa kidole, akakinyanyua kidogo kupima uzito, akanitazama kwa heshima mpya.

"Kibali cha kusafirisha unacho?"

"Afande, ni mchanga wa kawaida tu, wa Shinyanga."

"Wote husema hivyo. Sasa mchanga wa kawaida unautoa Shinyanga unauleta Geita kufanya nini? Geita hatuna mchanga?"

"Naongeza uzito, afande. Shokapu zimekaza."

Kimya. Wenzake wawili wakaacha chai yao wakasogea. Bodaboda waliokuwa wanapita wakazima pikipiki. Akaitwa mzee mmoja aliyekuwa kivulini, naye akaja na karai lake. Kwa nini mzee alikuwa amekaa kando ya barabara na karai, sikuuliza. Maji yalitoka kwenye chupa yangu ya kunywa.

Hata katikati ya fedheha nilijikuta nimeinama kutazama. Mzee alichota viganja viwili vya mchanga, akamimina maji, akaanza kuzungusha karai polepole, mwendo wote ukitoka kwenye viwiko, vidole vimetulia kabisa. Akainamisha ukingo, maji yakaondoka na kilicho chepesi. Dhahabu ina uzito wa takriban mara saba ya mchanga wa ujazo uleule, kwa hiyo hata chembe isiyoshikika kwa vidole hubaki imeganda chini wakati mchanga wote unakwenda zake. Akaongeza maji, akazungusha tena, mchanga ukapungua hadi ukabaki ukoko mwembamba. Mzunguko wa mwisho hufanywa taratibu mno. Umati ukasogea. Mama lishe akaiacha chapati ikiungua. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikaanza kutumaini.

"Hamna," mzee akasema.

Ikasikika pumzi ya watu wengi ikitoka kwa pamoja. Mama lishe akanishika bega. "Pole mwanangu. Jaribu duara lingine." Afande akanirudishia kiroba kwa huruma na kunitakia safari njema. Jambo linalouma zaidi ni kwamba mchanga ulikuwa umelowa, umeongezeka uzito, na kutoka pale hadi Bukoli pikipiki yangu ilitembea vizuri kuliko siku yoyote tangu niinunue.

Shokapu zimekaza. Nilisema ukweli mtupu, na ndio ulioniponza. Acha nieleze hapa, maana pale sikupewa nafasi.

Pikipiki yenyewe ni ya spoti, ndogo, cc 160, tanki limevimba, kiti cha abiria kimenyanyuka juu. Mtengenezaji simtaji. Imezaliwa kwa ajili ya lami laini na kona, na kwenye kona springi laini huifanya iyumbe, kwa hiyo wakaiwekea springi ngumu. Halafu kiwandani wanapaswa kufikiria siku ambayo mmiliki atampakia shemeji yake mnene pamoja na mizigo yake. Daftari la pikipiki linasema inabeba mpaka kilo 130. Mimi nina kilo 54 nikiwa nimevaa helmeti.

Kanuni ya springi ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Uzito ukiongezeka mara mbili, springi huzama mara mbili. Aliyeigundua ni Mwingereza Robert Hooke, na kwa kuogopa kuibiwa aliichapisha mwaka 1676 kwa herufi zilizovurugwa makusudi, mtu asiambulie kitu. Akaja kuifichua mwaka 1678. Wachimbaji wa Rwamgasa wangemwelewa bila maelezo. Anayejua mwamba ulipo hatangazi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo mimi nililijua kwa kupima na futi ya fundi seremala, ni kwamba springi nzuri haitakiwi kusimama wima ukishapanda. Inatakiwa izame, karibu theluthi moja ya mwendo wake wote, kwa uzito wako na wa pikipiki yenyewe. Kuzama huko ndiko kunakolipa tairi nafasi ya kushuka. Ukifika kwenye shimo, springi iliyozama hujinyoosha, tairi linaenda chini peke yake kukagua shimo, wewe unabaki juu na heshima zako. Yangu nikipanda haizami. Haina akiba ya kujinyoosha. Shimo likija, tairi haliendi peke yake. Tunashuka wote, mimi, tanki, simu mfukoni, na ini.

Kisha kuna oili. Ndani ya shokapu mna pistoni yenye vitundu vidogo, na oili inapita kwenye vitundu hivyo kupunguza kasi ya springi, la sivyo ungenesa mpaka Tabora. Ubaya ni kwamba oili inahitaji muda wa kupita. Ni kama maji ya Ziwa Victoria: zamisha mkono polepole, yanaupokea, yapige kofi, yanakurudishia kofi. Tuta refu la taratibu pikipiki yangu inalipanda kistaarabu. Rasta, zile zilizopangwa mbilimbili na tatutatu kila unapokaribia senta, inazipokea kwa chuma na kuzikabidhi kwenye uti wa mgongo wangu bila kupunguza chochote.

Hasira zaidi ni kwamba yangu nyuma ina shokapu moja ya katikati, ambayo asili yake ilikuwa kumwonea mtu huruma. Wazo hilo ni la mhandisi Mbelgiji, Lucien Tilkens. Yamaha wakalichukua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akawa nalo bingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250, akiruka milima ya tope na kutua salama. Nusu karne baadaye imefika Shinyanga kama urembo.

Fundi wangu wa Ngokolo aliikagua, akaizunguka, akaipanda mwenyewe na kuruka ruka juu yake. Yeye ni mtu wa kilo tisini. Ikamnesea vizuri.

"Bosi, hii haina ubovu."

"Inanivunja mgongo, fundi."

"Ndiyo. Kwa sababu huna uzito. Kula."

Nikamwomba ailegeze. Kwenye shokapu kuna pete yenye vidato, akaizungusha kwa spana yenye ndoano mpaka kidato cha mwisho kabisa. Tofauti ilikuwepo, ila ndogo. Pete ile haibadilishi ugumu wa springi hata kidogo. Inabadilisha tu inaanzia kubanwa kutoka wapi. Springi ngumu ikilegezwa inabaki springi ngumu iliyokaa chini zaidi. Ndipo fundi akatamka ushauri ulionifikisha kwenye karai: "Weka mzigo nyuma, hata mchanga."

Kabla ya mchanga yalikuwepo mengine. Nilipunguza upepo wa tairi, rimu ikapinda. Trei ya mayai kutoka Kagongwa ilifika nyumbani ikiwa kimiminika. Jino lililozibwa lilizibuka Tinde.

Na nilipitwa na baiskeli. Wageni wa Shinyanga hushangaa kukuta mjini kwetu baiskeli ndiyo daladala, ina kiti cha sponji nyuma na abiria anakaa upande. Ibinzamata, kwenye barabara ya vumbi, nikiwa kwenye gia ya kwanza nimesimama juu ya vikanyagio kwa nusu ya uzito wangu, baiskeli ilinipita taratibu ikiwa imempakia bibi mwenye kuku wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaniitikia, akatazama pikipiki ilivyong'aa, akanitazama mimi ninavyotetemeka, akasema, "Pole, bhabha," na kuku wakanitazama pia.

Nilichimba sababu mpaka nikaipata. Barabara zetu za vumbi hujaa vile vijituta vidogo vidogo vilivyopangana, ambavyo greda hulainisha wiki hii na wiki ijayo vimerudi. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha utafiti wao baada ya kuzungusha gurudumu juu ya mchanga maabara. Vijituta vilijitokeza hata gurudumu likiwa halina springi kabisa. Ila chini ya mwendo fulani havikutokea. Mchanga ulibaki sawasawa. Basi ndiyo siri ya bibi. Pembeni mwa barabara baiskeli zimejitengenezea njia yao, zinapita polepole miaka yote, na njia ile haijawahi kupata mawimbi. Ukiingiza tairi la pikipiki humo, waendesha baiskeli wanakufukuza, na wana haki.

Wanaotutengenezea mawimbi ni wenye mwendo na uzito. Njia ya Kakola nimekula vumbi lake kiasi kwamba nina haki ya kuizungumzia. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha 2001. Geita walianza mwaka mmoja kabla. Malori yanapita na mashine zenye thamani ya kijiji kizima, dereva amekaa kwenye kiti chenye springi yake binafsi juu ya springi za lori. Dhahabu yenyewe ikishakuwa matofali hupanda ndege, haitaki kusikia habari za rasta. Machi 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam na nchi nzima ikabishana ndani ya mchanga ule mna nini. Ni mchanga wa ukanda huuhuu, wa Bulyanhulu na Buzwagi. Ulisafiri kwa malori mpaka baharini, kontena kwa kontena, miaka kwa miaka, na sijasikia popote kwamba mzee aliitwa kutoka kivulini na karai lake. Wangu, nusu kiroba, ulioshwa kwa maji yangu ya kunywa.

Na mafuta nanunua. Kila lita ina tozo ya barabara ndani yake; mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ili barabara za vijijini na mitaani zitengenezwe. Kituo cha mafuta hakiniulizi kama barabara nitakayopita imeshatengenezwa, nianze kulipa baadaye. Mwenye dhamana ukimwuliza anakujibu kwamba greda limeharibika, na greda nalo, nasikia, linasubiri spea.

Basi mchanga nimeuacha. Nimehamia kwa binadamu, ambao hawahitaji kibali cha kusafirishwa. Asubuhi naangalia nani amesimama kituoni, namchagua kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe mnadani, nasimama, namwambia karibu, bure. Kuna mwalimu mmoja wa kilo zisizopungua mia. Akipanda, pikipiki inashusha pumzi, springi inazama pale Hooke alipotaka, na tunapita juu ya rasta za Kizumbi tukipiga soga. Juzi aliniuliza kwa upole mbona kila siku namchagua yeye, na kumwacha mwenzake mwembamba, mwalimu wa darasa la tatu, anayesimama palepale. Nikamwambia ni jirani yangu. Si jirani yangu.

Tatizo jipya ni kijiwe cha bodaboda cha pale kituoni. Mwenyekiti wao alinisimamisha jana jioni, kistaarabu kabisa, wenzake wakiwa wamejipanga nyuma yake.

"Kaka, tumekuvumilia. Unabeba abiria wetu."

"Simtozi mtu, mwenyekiti. Ni bure."

"Bure ndiyo mbaya zaidi. Leo watu wanatuuliza kwa nini sisi tunatoza."

Nikamweleza habari ya springi, oili, theluthi ya mwendo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizunguka pikipiki, akabonyeza kiti kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Hii imekaza," akakubali. Kisha akatoa daftari. Kiingilio cha kijiwe shilingi elfu hamsini, kizibao cha njano nanunua mwenyewe, na mwalimu, kwa kuwa ni mzito, watambeba kwa zamu.