Gari Lina Fundi, Mpangaji Ana Dirisha

Uingereza, gari la kupigia kambi halikosi tabibu. Kila mwaka hupelekwa kwa fundi mwenye kipima unyevu cha pini mbili, naye hugusa kuta, pembe za madirisha na chini ya vitanda, taratibu kama mkunga. Asilimia chini ya 15, shangwe. Ikipita 20, mwenye gari hupoteza hamu ya chai. Ikipita 30, ni msiba: huenda mbao zimeshaanza kuoza. Kisha hukaguliwa mabomba ya gesi, nyaya, matundu ya hewa, hata king'ora cha kaboni monoksidi.

Sheria haimlazimishi mwenye gari kufanya hivyo. Ukaguzi wa lazima wa usalama barabarani hutazama breki, taa na matairi. Hauulizi kama godoro limelowa. Lakini akiruka mwaka mmoja, dhamana ya mtengenezaji dhidi ya maji kupenya huweza kuyeyuka.

Na gari lenyewe pengine hulalwa wiki tatu tu kwa mwaka.

Sasa mtazame mpangaji nchini humo humo, anayelala siku 365 chini ya dari yenye ukungu mweusi. Akilalamika, mara nyingi haletewi pini wala fundi. Huambiwa afungue dirisha na aache kuanika nguo ndani. Tena Januari!

Ndugu mpangaji, usibishane na mwenye nyumba. Kifunge chumba chako magurudumu manne, uone kama mafundi hawatakuja kukipima.